Kupunguza Gharama za Tangazo Bila Kupoteza Wanunuzi

Shika kalamu na karatasi, kwa kuwa leo tuna hesabu.

Tuseme wewe unauza cherehani mjini Mwanza, nawe umeweka tangazo katika Google. Mtu akiandika "cherehani" katika simu yake, tangazo lako humtokea. Akiliona tu, hulipi kitu. Akilibofya, yaani akiligusa kwa kidole ili aone duka lako, hapo unalipa, anunue asinunue. Bei yake hutokana na mnada, na Google imeuza hivyo tangu mwaka 2002.

Haya, andika. Neno "cherehani" limebofywa mara 100 kwa mwezi, kila mara shilingi 300. Umelipa shilingi 30,000, wamenunua watu 2. Kila mnunuzi amekugharimu 15,000. Neno "nunua cherehani" ni shilingi 500. Limebofywa mara 20, umelipa 10,000, nao walionunua ni 2. Kila mnunuzi 5,000 tu! Wengi wangeliondoa hili la 500 kwa kuwa ni ghali, wakajipunja wenyewe.

Je, lile la 300 tulitupe? La, ngoja kwanza. Fungua orodha ya maneno ambayo watu waliandika hasa kabla ya kubofya. Utakuta "fundi cherehani", "picha za cherehani", "kujifunza cherehani". Hawa hawakuja kununua. Google inakuruhusu kuweka maneno ya kuzuia; basi weka "fundi", "picha" na "kujifunza". Weka na "mafundi" pia, maana ukizuia umoja, wingi hupita. Lakini usizuie "bei rahisi": anayeuliza bei huenda amekwisha kutia mkono mfukoni. Ikiwa watu wa namna hiyo walibofya mara 60 katika zile 100, utalipa 12,000 badala ya 30,000, na wanunuzi wako 2 wapo palepale.

Tazama na mahali. Usipochagua, Google humwonyesha tangazo hata mtu aliye mbali, mradi ameonekana kupendezwa na Mwanza. Kama huwezi kumpelekea cherehani, chagua walio Mwanza tu.

Tena mnada hautazami fedha peke yake. Tangazo linalojibu swali la mtafutaji, likimpeleka moja kwa moja penye cherehani na bei zake, laweza kukaa juu kwa fedha chache kuliko tangazo la ovyo.

Zoezi: chukua maneno yako matatu. Kwa kila neno, gawanya fedha ulizolipa mwezi mzima kwa idadi ya walionunua. Kama hukuandika walionunua, anza kuandika leo, na zoezi ulifanye mwezi ujao.