Huyo Si Ami Yako

Wahariri wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niwaandikie jamaa juu ya kusoma riwaya na hadithi fupi za siku hizi, kwa kuwa wanajua kuwa nyumbani kwangu hapa Portsmouth vitabu vimeshapita vyombo kwa wingi. Nimekubali, ila naomba radhi mapema. Habari niliyonayo khasa ni ya kitabu kimoja, na aliyekisoma vizuri si mimi, ni Bimkubwa mama yangu.

Sisi tuliokulia Unguja tulianza na Bwana Msa na kiko chake, katika Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka 1960. Tulisoma kwa pupa tupate kujua muuaji nani, na tukishajua, kitabu kinakwenda kwa mwingine. Raha ilikuwa kubwa, lakini mazoea yale yalitudhuru. Kicheko cha Ushindi, hadithi fupi za Mohamed Suleiman Mohamed za 1978, nilizimaliza usiku mmoja, na asubuhi sikuwa na la kumwambia mtu. Hadithi fupi haina nafasi ya kukueleza kila kitu; nusu yake imo katika yale wasiyoambiana wahusika, na msomaji mwenye haraka huyapita.

Oktoba 2021 Abdulrazak Gurnah alipopewa tuzo ya Nobel, simu zililia nyumba hadi nyumba kama siku ya Idi. Mtoto wa Unguja, kazaliwa 1948, kaja Uingereza 1968 kama tulivyokuja wengi wetu, na leo dunia nzima inamtaja! Tulifurahi kweli, na wengi katika sisi tuliofurahi hatukuwa tumefungua hata kitabu chake kimoja. Mimi nilikuwa na Paradise, kilichotoka 1994, na nilikisoma kama nilivyomsoma Bwana Msa.

Bimkubwa hakuweza kukigusa. Yeye husoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Kiingereza chake ni cha dukani, na macho nayo yamepunguza. Basi mwaka 2022 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walipotoa Peponi, ambacho ni kitabu kile kile kilichotiwa katika Kiswahili na Ida Hadjivayanis, nikaagiza, na baridi ya mwaka uliofuata nikawa namsomea kila siku baada ya sala ya alasiri, kurasa nne au tano mpaka chai iwe tayari.

Kwa wasiokijua: Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili, babake ana hoteli katika mji mdogo wa bara. Tajiri mmoja wa pwani huja kwao mara kwa mara, na Yusuf humwita Ami Aziz. Siku moja anaambiwa atafuatana na ami yake kwenda safari. Huko pwani anawekwa dukani pamoja na kijana aitwaye Khalil, na ni Khalil anayemfumbua macho: huyo si ami yako, mwite Seyyid, babako anadaiwa, na wewe ndiye rehani. Khalil anayajua hayo kwa kuwa naye alifika kwa njia hiyo hiyo.

Nilipofika hapo Bimkubwa akaniambia, "Rudia." Nikarudia. Akanyamaza, chai ikapoa. Kisha akasema, "Kama Khalati yenu."

Jamaa wa upande wetu wote wanamjua Khalati, Mungu amrehemu. Ndiye aliyetulea, na katika picha ya Wete amesimama ukingoni, mkono juu ya bega la Bimkubwa. Sikuwahi kuuliza kwa nini kila mtu katika picha ile amekaa, na yeye amesimama. Bimkubwa akanieleza kuwa babu alikuwa akikopesha wakulima wa karafuu kwa rehani ya mikarafuu yao, na mmoja wao mavuno yalipomtupa mwaka wa pili, akamleta binti yake wa miaka minane "akae tu kwa muda". Hapana aliyetamka neno deni. Alifundishwa Kurani pamoja na Bimkubwa, wakalala kitanda kimoja, akaozwa kutoka nyumba ile ile. Babake hakuja kumchukua.

Binamu yangu alipokuja kututembelea kutoka Maskati, nilimhadithia, akakasirika. Alisema waandishi hawa wanamwaga mtama penye kuku wengi, akamtia na Jokha Alharthi, Mwomani aliyepata tuzo ya Man Booker International 2019 pamoja na mfasiri wake Marilyn Booth, kuwa naye amekwenda kufukua mambo ya utumwa yaliyokwisha kuzikwa. "Na babu alikuwa mtu mwema," alisema. Kweli alikuwa mtu mwema. Hata tajiri wa Peponi si katili. Ni mpole, hupendeza, hunukia vizuri. Hapo ndipo palipo ustadi wa kitabu, na kwa miaka karibu thelathini mimi niliuona upole ule tu. Binamu hakukubali, nami sikumlazimisha.

Katika kitabu hiki chetu, kwenye ukurasa wa shajara, Khalati ameandikwa binti wa babu. Bimkubwa anataka jina la babake wa haki liandikwe, na analikumbuka. Ami wawili wamepinga. Wanaona kumwondoa kwetu ni kumtupa mara ya pili, na hoja yao ina uzito. Kwa hivyo nilimpigia simu binti yake, aliyeko Dubai, nikamweleza yote tangu mwanzo. Alikaa kimya kitambo kirefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza kitabu kile kinaitwaje, na kama naweza kumpelekea kabla hajatoa jawabu.

Nimekitia posta Jumatatu.