Kumtafuta Asiyekuwemo: Majedwali Mawili na SQL

Hifadhidata hujibu upesi swali la nani yumo. Swali la nani hayumo ndilo linalotaka uangalifu. Tuseme chama cha akiba na mikopo kina jedwali la wanachama na jedwali la michango, na mhasibu anataka majina ya wasiochangia kabisa. Kutokuchangia hakukuandikwa popote. Hupatikana kwa kulinganisha majedwali yote mawili.

SQL, lugha iliyozaliwa IBM miaka ya 1970 kutokana na nadharia ya Edgar Codd, ina njia kadhaa za kufanya hivyo. Inayowajia wengi kwanza ni NOT IN:

SELECT jina FROM wanachama
WHERE namba NOT IN (SELECT namba FROM michango);

Inasomeka vizuri, lakini ina hatari kubwa. Karani akiingiza mchango mmoja tu bila namba ya mwanachama, nafasi hiyo hubeba NULL, yaani thamani isiyojulikana. Huenda mchango huo ni wa yeyote kati ya wasioonekana, kwa hiyo SQL haiwezi kuthibitisha kwamba fulani hayumo. Jibu huwa “haijulikani”, na WHERE hupitisha yaliyo kweli tu. Orodha hurudi tupu bila onyo lolote, na mhasibu huamini kwamba wote wamelipa.

Njia salama ni NOT EXISTS:

SELECT w.jina FROM wanachama w
WHERE NOT EXISTS (SELECT 1 FROM michango m WHERE m.namba = w.namba);

Hapa NULL haina madhara, na mchango wa kwanza ukionekana unatosha kumwondoa mwanachama kwenye orodha.

LEFT JOIN hutoa jibu hilohilo: huwabakiza wanachama wote, kisha sharti la m.namba IS NULL huchuja waliokosa mchango. Anayetaka wasiochangia mwezi fulani aweke sharti la mwezi ndani ya ON. Likiwekwa kwenye WHERE, wanaotafutwa ndio hasa watakaotupwa. EXCEPT nayo ipo, ila hurudisha safuwima zinazolinganishwa tu na kufuta marudio.

Kuhusu kasi, wanachama 10,000 wakilinganishwa mmoja mmoja na michango 100,000, ulinganisho unaweza kufika bilioni moja. Faharasa kwenye safuwima ya namba katika jedwali la michango huondoa sehemu kubwa ya kazi hiyo. PostgreSQL huweza pia kupanga namba hizo kwenye kumbukumbu na kupitia kila jedwali mara moja, iwe kwa NOT EXISTS au LEFT JOIN. MySQL hufanya mageuzi ya namna hiyo tangu toleo la 8.0.17. Amri ya EXPLAIN huonyesha mpango uliochaguliwa: katika PostgreSQL, maneno Anti Join ni dalili njema, na SubPlan chini ya NOT IN kwenye jedwali kubwa ni sababu ya kuliandika swali upya.