Mbio za Alfajiri na Siri ya Chajio

Wenzetu wanaofanya mazoezi alfajiri kabla ya mihadhara huuliza mara kwa mara iwapo inafaa kula kwanza. Aghalabu wamekwisha kujijibu: wanariadha wa Iten hukimbia kabla ya kiamshakinywa, basi nasi tukimbie matumbo matupu. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba hoja hiyo ni nusu ya ukweli, na kwamba nusu iliyosahauliwa ndiyo humwangusha mtu uwanjani.

Ni kweli kwamba katika mji wa Iten, ulio takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, wanariadha wengi huanza mbio mwendo wa saa kumi na mbili asubuhi bila kula. Hata hivyo, tumbo tupu si mwili mtupu. Wanga tunaokula husagwa ukawa glukosi, na ziada yake huhifadhiwa katika ini na misuli kama glaikojeni. Usiku, akiba ya ini hupungua sana kwa kuwa ubongo huendelea kuitumia hata tulalapo. Ile ya misuli husalia karibu yote. Hiyo ndiyo imkimbizayo mwanariadha alfajiri, naye aliiweka jana yake jioni kwa ugali. Utafiti wa Onywera na wenzake uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia mlo wa wanariadha 10 Wakalenjin kwa siku 7, ulibaini kwamba asilimia 76.5 ya nishati waliyopata ilitokana na wanga. Neno letu kiamshakinywa, kwa hakika, lataja kinywa tu. Misuli huamshwa na chajio.

Sasa mtazame mwanafunzi aliyeishiwa na fedha mwishoni mwa muhula, ambaye chajio chake ni mandazi mawili na chai ya rangi. Mimi nilikuwa huyo katika mwaka wangu wa kwanza. Mzunguko wa tatu wa uwanja ulinipata kwa kizunguzungu na jasho baridi, nikaketi nyasini nikidhani ni malaria. Ilikuwa njaa.

Kosa la pili ni la jioni: chapati na maharagwe saa kumi, uwanjani saa kumi na moja. Mafuta na nyuzinyuzi hukawia tumboni, nayo misuli hushindania damu na tumbo. Hapo huzuka kichomi na kichefuchefu. Mlo kamili uachiwe saa tatu au nne. Ikisalia saa moja, ndizi mbivu au kipande cha mkate kwa chai chatosha. Mbio nyepesi za nusu saa hazihitaji hata hayo, maadamu mtu ni mzima na alikula vyema usiku. Anayetumia insulini kwa sababu ya kisukari ashauriane na daktari kwanza.

Kwa mwenye senti chache, na tuko wengi, ni afadhali azitumie kwa sahani ya ugali na sukumawiki jioni. Usiku asioweza kuipata sahani hiyo, asubuhi yake na atembee tu.