Mota ya Karakana Ichaguliwe kwa Hesabu

Ndugu askari, ajiandaaye kustaafu hununua zana angali na mshahara. Tuseme mwenzetu mmoja afungua karakana ndogo Carama, kaskazini mwa Bujumbura, naye ataka keekee ya mezani ya kutobolea chuma. Biti ya milimita 6 hutoboa chuma laini kwa mizunguko 1,300 hivi kwa dakika. Ya milimita 20 yataka 400 tu, la sivyo ncha huungua. Mwendo huo ubadilishwe kwa njia gani?

Umeme wa nyumbani kwa kawaida ni wa fezi moja, volti 220, mapigo 50 kwa sekunde. Mota ya kawaida ya fezi moja ina mwendo wake. Ukiipunguzia volti, huchemka. Itiiyo ni mota ya fezi tatu, ikiongozwa na kigeuza mapigo, yaani kisanduku kipokeacho fezi moja, kikatoa tatu, na kupandisha au kushusha mapigo. Mota yenye ncha nne za sumaku hukaribia mizunguko 1,500 kwa dakika penye mapigo 50. Penye 25, nusu yake.

Lakini yako mambo matatu ya kuzingatia.

Kwanza, soma kibao cha mota. Kisanduku hicho hutoa volti 220 tu. Basi nunua mota iliyoandikwa 220/380, ifungwe kwa pembetatu. Ya 380/660 itazunguka kinyonge.

Pili, usitupe mkanda na kapi. Kisanduku kikipunguza mwendo nusu, nguvu ya kusokota haiongezeki, na feni ya mota hupuliza kidogo. Kapi zikifanya hivyo, nguvu hukaribia maradufu. Basi kapi zibadili mwendo kwa hatua kubwa, kisanduku kwa hatua ndogo.

Tatu, swichi isikatwe kati ya kisanduku na mota wakati wa kazi, kwani kisanduku chaweza kuungua. Kitufe cha kusimamisha kiunganishwe na kisanduku chenyewe. Tena, umeme ukikatwa, usikifungue papo hapo. Chaji hubaki ndani. Ngoja dakika zilizoandikwa juu yake.

Msumeno wa mviringo wa mbao uachiwe mota ya mwendo mmoja, fedha ibaki.

Askari hukagua bunduki kabla ya zamu. Na akague kibao cha mota kabla ya kulipa, maana kiinua mgongo hakitolewi mara mbili.