UZI: "Ni utani tu." Kwa nini mgeni kwenye grupu hunyamaza

1. Mjadala wa siasa ukichacha, hakosi mtu wa kurusha mzaha wa kabila, dini ama lafudhi. Akiulizwa, jibu ni lile lile: "Aah, ni utani tu, mbona unakasirika?" Leo tuangalie huo utani unamfanyia nini mtu aliyeingia jana.

2. Chukua mfano. Grupu la WhatsApp la wakazi wa wadi, watu 200. Mada ni bajeti ya kaunti: barabara kwanza ama zahanati? Kuna mama amehamia mtaani juzi, jina lake linaonyesha ni mtu wa kaskazini. Anaandika: "Zahanati haina dawa, tuanzie hapo." Jibu la kwanza: "Huyu tumkague begi kwanza 😂😂." Watu 30 wanacheka. Zahanati imesahaulika.

3. Wenyeji wanasoma hiyo kama mzaha kwa sababu wanamjua aliyeutoa. Ni mtu wa kelele, lakini kukiwa na matanga ndiye wa kwanza kuchanga. Mgeni hajui hayo. Anachojua kuwahusu nyinyi ni sentensi moja, na wale 30 waliocheka.

4. "Lakini Wakenya tumezoea kutaniana." Kweli. Mchongoano tumekua nao shuleni. Ila una sheria zake hata kama hazijaandikwa: nakuchongoa, unanichongoa, na wasikilizaji wanatucheka sote wawili. Hata watani wa jadi, kama wanavyojulikana Pwani na Tanzania, wana masharti: mtani wako anajulikana, naye ana haki ya kukurudishia.

5. Mgeni hana zamu. Akirudisha mzaha wa kabila mbele ya watu asiowajua, ataitwa mkabila. Akilalamika, ataambiwa hajui utani. Akinyamaza, mtasema hakuumia. Sasa huo ni utani gani, ambao mmoja tu ndiye anaruhusiwa kutania?

6. Kenya tuna sababu ya kuwa waangalifu na maneno yanayopita kama mepesi. "Madoadoa" ni neno la kawaida, doa kwenye nguo. Lakini Bonde la Ufa liligeuzwa fumbo la majirani wa jamii nyingine, na kuondoa madoadoa kukawa na maana ya kuwafukuza. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha mamia ya maelfu. Fumbo peke yake haliui mtu. Kazi yake ni kuzoesha masikio, mpaka kumwita jirani uchafu kusikushtue tena.

7. Sheria inasemaje? Kifungu cha 33 cha Katiba ya 2010 kinalinda uhuru wa kujieleza, lakini si matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inaweka faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, ama vyote viwili. Ila tusidanganyane: mizaha mingi mibaya haifiki huko. Inaudhi, lakini si jinai. Kwa hivyo badala ya kuuliza tu "ni kosa kisheria?", uliza pia: huyu mtu ataongea tena?

8. Mara nyingi haongei, na wala hatoki. Anabaki kwenye grupu, anasoma, haandiki. Msimamizi anaona watu bado ni 200, anadhani mambo ni shwari. Siku ya kukusanya maoni, mwakilishi wadi anapelekewa "maoni ya wakazi", kumbe ni ya wale 15 wasioogopa kuchekwa. Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki. Lakini mtu akishanyamazishwa na majirani, hata kikao kikiitishwa atakaa kimya.

9. "Kwa hivyo mnataka siasa bila kicheko?" Hapana. Redykyulass, vibaragosi vya The XYZ Show na wachora katuni wa magazeti wametusaidia kusema mambo mazito. Lakini angalia walikuwa wanamlenga nani: mwenye cheo, kwa mambo aliyofanya. Kiongozi akikwama kwenye shimo aliloahidi kuziba, mcheke mpaka uchoke. Hiyo si sawa na kumcheka mama kwa jina alilopewa na wazazi wake.

10. Kabla ya kutuma, jiulize:
– Nalenga alichosema, ama alivyozaliwa?
– Anaweza kunijibu kwa mzaha kama huu bila kugeukwa na grupu zima?
– Ningeusema tukiwa kwenye matatu iliyojaa watu wa kwao, mimi nikiwa peke yangu?

11. Na ukiona imetokea? Mwenyeji ndiye wa kuongea, kwa sababu mgeni hawezi kujitetea bila kuongeza moto. Sema palepale, kwa ufupi, kisha rudisha mada: "Hiyo wacha, bana. Mama, umesema zahanati haina dawa. Tangu lini?" Kumwomba msamaha inbox ni vizuri, lakini tusi lilionwa na watu 200 na msamaha umeonwa na mmoja.

12. Sasa fungua grupu lenu. Nani alikuwa anaandika akaacha? Rudi juu uone ujumbe wake wa mwisho ulijibiwa nini. Mkiwa na maoni, leteni hapa chini, bila matusi.