Ruaha Mbuyuni: Vitunguu vingi, hasara iko kwenye gunia

Anayesafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa, akishaipita Mikumi, huteremka hadi bonde la Mto Ruaha Mkuu, lenye mibuyu kila upande. Mbele yake, kabla ya kupanda mlima Kitonga, ndipo kilipo kijiji cha Ruaha Mbuyuni, wilayani Kilolo.

Abiria wengi husifu mandhari na kuendelea na safari. Mfanyabiashara yeye hutazama vitunguu. Bonde ni la joto na mvua ni chache, lakini maji ya mto huwawezesha wakulima kumwagilia wakati wa kiangazi, na barabara ya lami inapita kijijini. Soko halipo mbali. Hasara iko kwenye gunia lenyewe.

Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100. Hata hivyo, lumbesa bado inawasumbua wakulima wa vitunguu sehemu nyingi nchini.

Tupige hesabu ya mfano. Mkulima anauza magunia 10 kwa shilingi 60,000 kila moja, na kila gunia lina kilo 130. Ametoa kilo 1,300 na kulipwa shilingi 600,000. Kwa magunia halali angekuwa na magunia 13, yaani shilingi 780,000. Shilingi 180,000 zimeondoka bila yeye kuona mwizi. Ushuru unaotozwa kwa gunia nao hupungua, hivyo halmashauri pia inapoteza.

Kwa nini anakubali? Wengi huvuna kwa wakati mmoja, madeni ya mbolea na dawa yanasubiri, na kitunguu kibichi huoza haraka. Dalali anayajua yote hayo.

Dawa ya kwanza ni mizani ya kikundi, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ili bei itajwe kwa kilo. Ya pili ni kuacha kumwagilia wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna, kisha kukausha vitunguu kivulini, penye hewa, hadi shingo zinyauke. Kitunguu kikavu kinaweza kungoja bei. Ya tatu ni kupishana tarehe za kusia mbegu.

Mkulima mmoja akikataa lumbesa peke yake, lori litakwenda kwa jirani. Wakikataa wote, mnunuzi atapima.