Elektroni Hudandia Wimbi Kama Nganya: Siri ya Mashine ya Kansa Iko Pale Kahawa

Ukitoka Nuu kuja Nai, unapanda mat hadi Mwingi, unashika barabara ya Garissa, unapita Thika, na kabla ufike tao uko Kahawa. Hapo kando ya Northern Bypass ndio iko hospitali ya KUTRRH, na ndani yake kuna mashine inaitwa CyberKnife. Sasa mwaitu wa Nuu akiambiwa ako na kansa inataka miale, swali la kwanza huwa si la fizikia. Ni: nitalala wapi, siku ngapi? Miale ya kawaida inaweza kuwa siku tano kwa wiki, wiki tano au zaidi. Hiyo ni rent ya Nairobi, fare, na ndengu shambani zimeachiwa nani? CyberKnife, kwa wale inawafaa, humaliza kazi kwa vipindi kati ya kimoja na vitano.

Udogo unachangia tofauti hiyo. Mashine ikiwa ndogo na nyepesi, unaweza kuitundika kwa mkono wa roboti, ikamzunguka mgonjwa na kupiga uvimbe kutoka pembe nyingi sana. Kila mwale peke yake ni mnyonge, lakini yote inakutana hapo kwa uvimbe. Ndio maana dozi kubwa inaweza kupigwa kwa siku chache bila kuchoma sana nyama iliyo karibu.

Udogo huo nao unatoka wapi? Ndani ya mashine kuna bomba la shaba limegawanywa vyumba vidogo, na mawimbi ya redio yanapigwa humo ndani. Kifaa cha kuyatengeneza ni magnetroni, ndugu ya ile iko kwa maikrowevu ya keja yako. Yako inatikisa mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Mashine nyingi za kawaida za kansa ziko karibu bilioni 3. CyberKnife? Bilioni 9.3. Wimbi likitikisika haraka hivyo linakuwa fupi, sentimita 3 na kidogo tu, na vyumba vinafuata saizi ya wimbi. Bomba lote linapungua.

Lakini hapo ndio noma inaanza, na inaanza mlangoni.

Elektroni hutoka kwa kathodi, kachuma kamepashwa moto hadi elektroni zinachemka na kutoka. (Ndiyo, ile topiki ya Form 4 ulilala nayo. TV za zamani zenye mgongo mkubwa zilikuwa na kitu kama hicho.) Volti elfu kadhaa zinazisukuma kuingia kwa bomba. Tuseme ni volti 20,000: elektroni inaingia na kasi ya robo hivi ya kasi ya mwanga. Kwetu hiyo ni mbio ya ajabu. Kwa wimbi, huyo ni mzee anavuka barabara na mkongojo.

Fikiria nganya ya Thika Road imekataa kusimama stage. Ukitaka kupanda unakimbia kando yake kwanza, kisha unadandia. Ukichelewa unabaki, na ukikosea hatua unarushwa. Elektroni iko hivyo. Ndani ya chumba, nguvu ya wimbi inasukuma mbele, halafu inageuka na kuvuta nyuma, na kati ya kugeuka na kugeuka kuna kama sehemu 54 za trilioni ya sekunde. Kwa muda huo mwanga unaenda sentimita 1.6. Elektroni yetu ya robo kasi haifikishi hata nusu sentimita. Kwa hivyo vyumba vya kwanza hutengenezwa vifupi, ili iwahi kutoka kabla wimbi ligeuke.

Na hazikuji moja moja. Zinatoka kama mto, wimbi ndilo linazikata vifurushi. Iliyotangulia inapata msukumo mdogo, iliyochelewa inapata mkubwa, basi ya nyuma inafikia ya mbele, zinabanana. Shida, elektroni hazipendani. Zote ni chaji hasi, zinasukumana kama watu wa mlango wa mat saa kumi na mbili jioni, na zikiwa bado mos mos kusukumana huko ndio kuko na nguvu zaidi. Kifurushi kinafura, na tundu la kupitia, kwa sababu bomba ni dogo, nalo ni jembamba. Za pembeni zinagonga shaba, zinaishia hapo.

Zikishakaribia kasi ya mwanga mambo yanatulia. Chaji zikienda pamoja kwa kasi hiyo zinatengeneza sumaku inayovuta kuelekea ndani, na inafuta karibu ugomvi wote. Kuanzia hapo vyumba vinaweza kuwa saizi moja, kwa sababu kasi haiongezeki tena sana, ni nishati tu inapanda. Mwishoni zimefikia volti milioni 6, zinagonga kipande cha tangsteni, na miale ya eksirei inatoka. Hiyo ndiyo humfikia mgonjwa.

Kwa hivyo sentimita chache za kwanza ndizo huamua beam itakuwa fiti ama takataka. Kuna zile zilifika wakati mbaya: wimbi linazirudisha nyuma, zinagonga kathodi yenyewe, zinaipasha joto ambalo hakuna mtu aliitisha. Kathodi inachoka mos mos, na ikichoka, mashine inalala hadi fundi afike na spea. Watu wa foleni wanangoja.

Na si kila kansa inaingia kwa CyberKnife. Inapenda uvimbe mdogo wenye mipaka inaonekana, kama wa ubongo, mapafu ama tezi dume. Kansa ikishasambaa, miale midogo ya pembe nyingi haiwezi kuifuata kila mahali, hata roboti iwe mjanja aje. Kwa hiyo daktari ataangalia kwanza skani, aone uvimbe uko wapi na saizi gani, ndio mwaitu ajue kama ni siku tano Kahawa ama ni wiki tano kwa mashine kubwa.